Agosti Tunakandika, Septemba Tunapanda

Hapa Kabazana, ndani ya makazi ya Nakivale, mwezi wa Agosti una rangi moja tu, ya vumbi. Vumbi jekundu liko kwenye majani ya migomba, kwenye nywele za watoto, kwenye maji ya kunawia. Boda boda ikipita kuelekea mtaa wa Base Camp, walio uani wanafunika sufuria kwa haraka. Mgeni akitukuta wakati huo atadhani tumepumzika, kwa kuwa mashamba yamelala. Hatujapumzika. Agosti ndio mwezi wenye kazi nyingi kuliko yote nyumbani, maana mvua ya Septemba haimsubiri mtu, na kazi iliyoshindikana wakati wa vumbi itafanywa kwenye tope, kwa jasho na gharama maradufu.

Nakivale ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, mwendo wa kilomita kama 60 kutoka Mbarara. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa Afrika. Leo tumo zaidi ya watu 150,000: Wakongo ndio wengi, wakifuatwa na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Kabazana ndiko kuliko na kituo cha kupokelea wanaofika, kwa hiyo familia nyingi zililala hapa usiku wao wa kwanza kabla ya kuonyeshwa kiwanja. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, mama wa watoto wanne. Naandika habari za kazi za nyumbani kwa sababu mara nyingi nasoma habari za wakimbizi, nakuta foleni na mahema, sikuti nyumba. Nasi tuna nyumba. Zina kuta zinazopasuka na paa zinazovuja, zina mama mkwe na mtoto anayejiandaa kwa mtihani.

Mdogo wangu alihamishiwa Marekani, yuko Kentucky. Ikifika Oktoba ananipigia simu ya video, namwona akikusanya majani makavu kwa reki, mumewe amepanda ngazi anasafisha mifereji ya paa, na madirishani wamebandika nailoni kuzuia baridi. Kule miti inavua majani. Sisi tuko karibu mno na ikweta. Mstari wenyewe unaikata barabara ya Kampala kwenda Masaka pale Kayabwe. Kwetu kinachobadilika ni maji. Tarehe 22 au 23 Septemba jua huvuka ikweta likienda kusini, na ukanda wa mawingu ya mvua hulifuata. Hapo ndipo tunapopata msimu wa pili, Septemba hadi mapema Desemba, wakati ambao watu wa pwani nao husubiri vuli yao. Msimu wa kwanza ni Machi hadi Mei. Lakini Isingiro imo katika ukanda wa wafugaji, na huku mvua ikikataa, inakataa kweli. Ukame wa 2016 na 2017 ulikausha hata migomba ya wenyeji wetu. Vuli ya 2023 ikaja kinyume, ikafurisha mito sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kwa hiyo kila Agosti tunajiandalia mawili kwa pamoja: maji yakizidi, na maji yakikosekana.

Kazi huanzia juu. Familia inapopokelewa hupewa shitingi, lile turubai jeupe la mita 4 kwa 5, na wengi huanza maisha chini yake. Jua la hapa huila shitingi polepole. Ukiinyanyua na kuitazama upande wa mwanga, unaona vitundu ambavyo jana hukuvijua. Mume wangu huikunja ukingo mara mbili juu ya fito, ndipo apige msumari, na chini ya kichwa cha msumari anaweka kizibo cha soda kilichopondwa pamoja na kipande cha ndala iliyokwisha. Kizibo kinazuia shitingi isichanike upepo unapoivuta, na mpira wa ndala unaziba tundu la msumari maji yasipite. Vizibo huokotwa na watoto wetu wa kiume nje ya maduka ya mtaa wa New Congo, na hiyo ni kazi wanayoipenda sana, kwa sababu wanalipwa kwa andazi.

Chumba cha kulala tumekiezeka mabati. Anayetaka kununua mabati Mbarara ajue jambo moja ambalo wauzaji hawana haraka ya kulieleza: namba ya geji ikipungua, bati linanenepa. Geji 30 ni nene kuliko geji 32. Geji 32 ni rahisi, inapendeza ikiwa mpya, lakini fundi akiikanyaga vibaya inabonyea, na mvua ya mawe ikija unaijua tofauti. Kama fedha haitoshi nyumba nzima, ninavyoona mimi ni heri kuezeka chumba kimoja kwa bati nene kuliko vyumba viwili kwa bati la kukunjika. Nauli ya Mbarara nayo ni fedha, kwa hiyo tunakwenda mara moja na orodha ndefu: misumari ya mabati, waya, dawa ya mbegu, madaftari, na betri ya redio ya mama mkwe.

Baada ya paa ni kuta, na hapo ndipo penye raha. Nyumba yetu ni ya miti na udongo. Kiangazi ukuta unakauka, unajikunja, unapasuka, na kila ufa ni mlango wa maji na wa panya. Tunafanya salongo, kama tulivyozoea Kongo: leo kwangu, kesho kwa jirani, hadi nyumba zote za upande wetu ziishe. Wanaume wanachimba udongo na kuchota maji, wanawake tunakanyaga tope kwa miguu, watoto wanabeba. Mume wangu alikuwa fundi wa mitumbwi kwenye Ziwa Tanganyika, na ukuta wenye ufa anaushughulikia kama mtumbwi unaohitaji kalafati: hapaki tope juu juu, anaupanua ufa kwanza kwa ncha ya panga, anaulowesha, kisha anasukumia ndani tope gumu lenye nyasi kwa kidole gumba. Ufa uliozibwa hivyo hauonekani tena mwaka mzima.

Kukandika ni kazi ya wote, ila kusiriba kuna wenyewe. Jirani yetu Mrundi ndiye mwalimu wetu. Anachanganya udongo laini uliochekechwa, majivu, na samadi mbichi ya ng'ombe, kipimo anakijua kwa kiganja. Samadi tunaipata kwa wafugaji wa Kinyankole, wenye ng'ombe wa pembe ndefu. Wakati mwingine tunanunua, wakati mwingine tunalipa kwa siku ya palizi. Mchanganyiko huo ukikauka unakuwa mgumu, haumeguki mvua ikipiga, na harufu inaondoka baada ya siku mbili tatu. Upande wa magharibi, ambako upepo wa mvua unatupigia, tunasiriba mara mbili. Na wanaume? Wapo wanaosema kusiriba ni kazi ya kike, wakaenda kukaa chini ya mwembe. Nasema wazi: nyumba inayolaza baba ikisiribwa na mama peke yake, kazi ya siku mbili inachukua wiki, na shamba linachelewa. Wangu anasiriba. Vijana wa jirani walimcheka mwanzoni, sasa wanamwomba awafundishe.

Mtaro wa kuzunguka nyumba nimeusimamia mimi mwenyewe, na kwa hilo sina mzaha. Uvira ni mji uliobanwa kati ya milima na ziwa. Maji ya mlimani tunayajua. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika usiku, watu walikufa na nyumba nyingi zikaondoka, na ndugu zetu walikuwamo kati ya waliobaki bila kitu. Kabazana haina mlima kama ule, lakini ardhi ina mwinamo, na maji yakipata njia fupi ya kupita ndani ya nyumba yako yataifuata. Mtaro uwe mbali na ukuta hatua moja nzima, usikaribie zaidi, la sivyo unaulowesha msingi wenyewe. Udongo unaochimbwa urundikwe upande wa ukuta. Mdomo wa choo nao uinuliwe kwa udongo ulioshindiliwa, maana shimo la choo likiingia maji kingo zake zinabomoka, na choo kilichobomoka wakati wa mvua ni hatari kwa kijiji kizima.

Jikoni ndiko nilikoshinda vita vyangu vikubwa. Miaka mingi nilipikia mbabula ya makaa, au mafiga matatu na kuni. Makaa hupanda bei mvua zikianza, na kuni zinalowa. Wanawake wa hapa tunazifuata kuni mbali, na huko mbali ni kwenye ardhi ya watu, ambako si kila siku mtu anakupokea vizuri. Tukafundishwa kujenga jiko la udongo, lile linaloitwa Lorena. Wazo lake lilizaliwa Guatemala katika miaka ya 1970, na Uganda limeenea vijijini kwa sababu vifaa vyake havinunuliwi.

Udongo wake ni wa kichuguu, kwa kuwa mchwa wamekwisha kuuchambua na unashikana vizuri. Unauponda, unauchanganya na nyasi zilizokatwakatwa, unaukanyaga, unaufunika siku chache. Halafu unachukua vipande vya shina la mgomba na kuvipanga mahali ambapo moto utapita: kimoja kimelala kwa mlango wa kuni, viwili vimesimama mahali pa masufuria, kimoja cha kuelekea dohani. Unajaza udongo kuvizunguka na kuupigapiga kwa ubao hadi uwe mwili mmoja. Mwisho unavitoa vile vipande vya mgomba, na njia za moto zinabaki wazi. Kuni chache zinachemsha maharagwe huku moto uleule ukipita kuivisha sombe, yaani kisamvu, kwenye sufuria ya nyuma, na moshi unatoka nje kwa dohani. Macho ya mama mkwe wangu yalikuwa yakitoa machozi kila jioni. Sasa anakaa jikoni kwa hiari yake na kutuelekeza chumvi. Jiko hili linahitaji wiki mbili au tatu kukauka kivulini kabla halijawashwa kwa nguvu. Ndiyo maana hujengwa Agosti. Atakayelijenga Oktoba litapasuka moto wa kwanza, kisha atasema majiko ya udongo hayafai.

Halafu mvua inakuja. Kwetu mama mkwe ndiye anayetangaza, si redio, ingawa redio anaisikiliza na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa anaufuata neno kwa neno. Anasubiri kumbikumbi. Mvua ya kwanza ikilowesha ardhi vya kutosha, jioni wanaruka maelfu kutoka vichuguuni na kufuata taa. Watoto wanaweka beseni la maji chini ya taa ya sola, kumbikumbi wanadondoka, asubuhi wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Novemba, bahati ikiwa nzuri, tunapata na senene. Mama mkwe anasema, "Mwanangu, mvua ambayo haijamtoa kumbikumbi usiipe mbegu yako." Namsikiliza, kwa sababu mvua moja ya Agosti huwa inadanganya, na wenye haraka wanapanda, mbegu inaota, jua linarudi wiki mbili, basi.

Maharagwe ndiyo roho ya msimu huu. Ukipanda katikati ya Septemba, yale ya kutotambaa unayavuna mwishoni mwa Novemba au mapema Desemba, kabla ya kiangazi. Mahindi yanachukua muda zaidi, kwa hiyo tunayachanganya humo humo shambani. Mbegu ya maharagwe tumeitunza kwenye chupa kavu, imechanganywa na majivu, imefungwa kabisa ili mdudu akose hewa. Kuna pia aina mpya zenye madini ya chuma zaidi, zilizotolewa na shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, NARO, mwaka 2016. Jirani mmoja alizileta, tukabadilishana kwa vikombe. Viwanja vyetu vinatofautiana sana. Waliofika zamani wana nafasi ya shamba, sisi wa baadaye tuna kipande kidogo, na wengi tunakodisha kwa wenyeji kwa msimu. Sehemu kubwa ya akiba ya nyumba inakwenda kwenye kodi hiyo.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa havihitaji mbegu ya kununua, vinahitaji marando yasife kiangazi. Yetu tunayapanda nyuma ya bafu, maji ya kuogea yanayatunza, na mvua ikianza tunakata vipande vya urefu wa shubiri moja na nusu na kuvifukia kwenye matuta. Viazi hivi vina vitamini A nyingi, nzuri kwa macho na kinga ya watoto wadogo. Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa watafiti wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuongeza virutubisho katika mazao kama haya. Machipukizi ya migomba tunaomba kwa wenyeji, ila tunauliza kwanza. Ugonjwa wa mnyauko wa bakteria uligunduliwa Uganda mwaka 2001 na unasafiri kwa panga. Panga likikata mgomba mgonjwa kisha likaenda kwa mzima, limeua wa pili. Tunalipitisha kwenye moto kabla ya kukata, na ua la chini la mkungu tunalivunja kwa kijiti chenye panda, hatulikati.

Maji ya paa nayo ni mavuno. Hesabu yake ni nyepesi na kila mama anapaswa kuijua: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Paa la bati la mita 5 kwa 6 ni mita 30 za mraba. Mvua nzuri ya milimita 20 ni lita 600, na hata ukipoteza sehemu kwa kumwagika, unajaza jerikani 25 za lita 20 bila kukanyaga kwenye foleni ya bomba. Tunayaacha maji ya dakika za kwanza yaende zake na vumbi na kinyesi cha ndege. Pipa linafunikwa kwa kitambaa cha nyuzi zilizokaribiana, kwa sababu mbu wa malaria wanataka maji yaliyotulia, na msimu huu ndio wao. Vyandarua vinafuliwa na kushonwa Agosti hiyo hiyo.

Katikati ya yote hayo kuna shule. Muhula wa tatu unaanza Septemba, na mapema Novemba watoto wa darasa la saba nchi nzima hukaa mtihani wa kumaliza msingi: hisabati na masomo ya jamii siku ya kwanza, sayansi na Kiingereza siku ya pili. Binti yetu mkubwa yumo mwaka huu. Nimemwondoa kwenye zamu ya maji ya asubuhi na nikawapa wadogo zake wa kiume. Walilalamika, na baba yao akawaambia dada akifaulu ndiye atakayewafundisha wao. Mvua ikipiga bati hakuna sauti inayosikika, basi hapo ndipo anaposoma, maana hakuna anayeweza kumtuma. Najua nyumba ambazo msichana wa darasa la saba ndiye anayepalilia, anapika na kulea mdogo wake Oktoba nzima, kisha tunaulizana kwa nini wasichana hawafaulu. Kazi za msimu zigawanywe upya mtihani ukikaribia. Shamba la robo eka halifai kumgharimu mtoto miaka saba ya shule.

Kwa nini sasa tunahangaika na kila ufa na kila rando kuliko zamani? Kwa sababu ya mgao. Februari 2021 mgao wa chakula nchini Uganda ulishushwa hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Mwaka 2023 familia zikaanza kupangwa kwa makundi ya uhitaji. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kwamba watu milioni 1 wameondolewa kwenye msaada kwa kukosa fedha. Nyumba yetu imo. Bakuli la maharagwe ambalo zamani lilikuwa nyongeza ya posho sasa ndilo chakula chenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kusafiri, na hiyo ni neema ambayo ndugu zetu katika nchi nyingine hawana. Lakini ruhusa haioti shambani. Mama mwenye watoto wachanga na kiwanja cha mawe, au mzee asiye na mtu, hata akikandika na kupanda kwa juhudi gani hawezi kuziba pengo hilo, na asiambiwe kwamba anaweza. Kwenye kijiji chetu nyumba za wazee wasio na watu zinaingia kwenye salongo kwanza, kabla ya zetu.

Mume wangu kwa muda mrefu hakutaka kupanda mti wowote wa kudumu. Alisema, "Ukipanda parachichi hapa, umekubali kuzeeka hapa." Sikubishana naye siku hiyo. Uvira ni kwetu, na siku njia ikifunguka tutakwenda. Ila mtoto anayelala chini ya shitingi inayovuja analowa usiku wa leo, na parachichi ambalo hatutalila sisi atalila mwingine atakayepokelewa Kabazana. Mwaka jana mvua za Oktoba zilipokolea alichimba mashimo mawili, akaweka samadi, akaomba miche kwa mmoja wa wafugaji wanaotupatia samadi. Miwili yote imeshika.

Desemba kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinafungua kisanduku na kugawana. Fungu letu tumekwisha kulipangia: mabati ya jikoni, geji 30, na kipande cha mfereji wa kuyaleta maji ya paa lile kwenye pipa la pili. Mume wangu ameshapima, jiko na dohani yake vinaingia.